Shauri la Jicho la Mchana

Bi Zamzam binti Soilihi alikuwa mtu wa maneno, si kwa kuyasema bali kwa kuyakusanya. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza moja mjini Unguja akitunga kamusi, na katika muda wote huo alikuwa amefika herufi ya M. Wenzake walianza kumwonea huruma. Ndiyo maana, ilipomfikia barua yenye mihuri miwili kutoka nchi ya Nusarua, ikimwita kwa heshima zote aende kuwa shahidi wa kitaalamu katika shauri lililowashinda wataalamu wengine, hakujiuliza mara mbili.

Nusarua, barua ilieleza, maana yake ni visiwa viwili. Kimoja kinaitwa Hari, kingine Andro, navyo vinatazamana kwa mkondo mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, wa ng'ambo humwombea rehema. Watu wa Hari huliita jua *matahari*. Watu wa Andro huliita *masoandro*. Kwa wote maana ni moja: jicho la mchana. Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, kwa kuwa haiwezekani watu wawili walitazame jua, kila mmoja kwa wakati wake, wote wawili waone jicho. Lazima mmoja aliona na mwingine aliiba. Shauri lilikuwa na miaka arobaini mahakamani. Sasa pande zote zilikubaliana kumtafuta shahidi ambaye kwao jua ni jua tu, halina jicho wala kope, na Kiswahili kilionekana kufaa.

Pamoja na barua kulikuwa na fomu. Shahidi alitakiwa kuapa kwamba katika nyumba aliyozaliwa hakuna mtu aliyewahi kuliita jua jicho. Bi Zamzam alitia sahihi pale pale. Alipokuwa akiifunga bahasha ndipo alipomkumbuka mama yake, Bi Soa, mzaliwa wa Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini, ambaye kila asubuhi alifungua dirisha na kusema Kibuki chake, "Masoandro limeshaamka, wewe bado umelala?" Zamzam alipokuwa mdogo watoto wa mtaani walimcheka kwa lugha ile, naye akazoea kumjibu mama yake kwa Kiswahili, mpaka mama mwenyewe akachoka kumsemesha. Bi Soa alikuwa kaburini mwaka wa kumi na tisa. Bi Zamzam alijiambia kwamba marehemu hahesabiwi nyumbani, akalamba gundi ya bahasha, akaanza kufunga mizigo.

Alipofika Andro alipokewa na Katibu wa Jua, bwana mpole wa makamo aitwaye Rafaly, ambaye kabla ya salamu alimkabidhi mwavuli wa kijivu. Alimweleza kwamba, mpaka hukumu itakapotoka, mtu wa Hari akiwa Andro hana haki ya jua la Andro, na wa Andro akiwa Hari vivyo hivyo. Kwa hiyo kila mgeni hutembea chini ya mwavuli. Mwekundu ni wa mtu wa Hari, mweusi ni wa mtu wa Andro aliyevuka, na wa kijivu ni wa asiyehusika. Bi Zamzam aliuliza kama sheria hii inafuatwa kweli. Rafaly alisema inafuatwa sana. Yeye mwenyewe mkewe alikuwa wa Hari, na mwaka wa kumi na mbili sasa alikuwa akianika nguo katika ua wake mwenyewe huku ameshika mwavuli mwekundu kwa mkono wa kushoto. Nguo zilichelewa kidogo, alisema, lakini zilianikika.

Siku tatu za mwanzo Bi Zamzam alihudhuria mahakama. Jengo lilikuwa limejengwa katikati ya mkondo, juu ya nguzo, ili lisiwe la upande wowote. Majaji walikuwa wawili, wa Hari na wa Andro, wamekaa benchi moja, kila mmoja na mkalimani wake. Wakalimani hawa ndio waliomshangaza zaidi. Wakili wa Hari, Bwana Wirasena, aliposema *batu*, mkalimani aliinama kwa adabu akamwambia jaji wa Andro, *vato*. Jaji alitikisa kichwa kama mtu aliyefunguliwa fumbo, kwamba jiwe ndilo lililokusudiwa. Wakili aliposema *langit*, mkalimani alisema *lanitra*, na mbingu ikaeleweka. *Lima* ikageuzwa *dimi*, na watu wakajua kuwa ni tano. Wakalimani walikuwa wamesomea kazi hiyo miaka saba, na ndio waliokuwa na nyumba nzuri kuliko zote visiwani.

Bi Zamzam naye alikuwa na mkalimani wake wa Kiswahili, aliyekuwa hodari. Lakini ilimbidi ajizuie asitikise kichwa kabla mkalimani hajafungua kinywa, maana maneno ya upande wa Andro yalikuwa karibu na ya mama yake. Yalimwingia moja kwa moja, kama harufu ya jiko la nyumba uliyokulia.

Hoja za pande mbili zilikuwa za uzito. Bwana Wirasena, mtu mrefu mwenye sauti ya kuimba, alisema kwamba Hari iko mashariki, na jua huifikia Hari kabla ya Andro. Jicho humtambua kwanza yule linayemtazama kwanza. Upande wa Andro ulijibu kwamba asubuhi watu wana usingizi hawaoni kitu, na mchana jua halitazamiki. Ni wakati wa kuzama tu, tena huko magharibi, ndipo mtu anapoweza kulikazia macho akagundua kwamba nalo linamkazia yeye. Hoja hizi zilijibiwa kwa hoja nyingine, na karani aliandika zote katika vitabu viwili, kimoja kwa kila tahajia.

Siku ya nne Rafaly alimpeleka kumwona mshtakiwa. Bi Zamzam hakuwa amejua kama kuna mshtakiwa. Alidhani ni visiwa tu vinavyogombana. Rafaly alionekana kuona haya. Alieleza kwamba shauri kubwa lilikuwa limelala kwa miaka mingi, likaamshwa miezi minane iliyopita na mkunga mmoja wa Andro, Neni Raviro, aliyezoea kuvuka na kurudi kuzalisha pande zote mbili. Alfajiri moja, huko Hari, alipokea mtoto wa kike aliyekuja kwa shida, na alipomsikia analia akafurahi akamwelekeza dirishani, akamwambia: mataandro limekuamkia. Alikuwa amechukua nusu ya neno la Hari na nusu ya neno la Andro. Jirani alisikia. Hari ikamshtaki kwa kuliiba jicho, na Andro ikamshtaki kwa kuupeleka mchana wao ng'ambo. Na kwa kuwa sheria ya Nusarua inasema aliyeharibu neno asikitumie kitu chenyewe mpaka hukumu, Neni Raviro aliwekwa katika chumba kisicho na dirisha.

Kilikuwa chumba safi. Taa ndogo ya mafuta iliwaka pembeni. Kikongwe alikuwa ameketi kwenye mkeka akisokota uzi wa kufungia vitovu. Alikuwa na mafungu mengi ya uzi ule, yamejaa kapu. Alipoinua uso Bi Zamzam aliona kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuwa na maji maji na hayakutulia mahali. Hakulalamika juu ya giza. Aliuliza kwanza habari za mke wa mfinyanzi wa Hari, ambaye kwa hesabu yake alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Rafaly hakujua. Akauliza juu ya wengine, mmoja mmoja kwa majina, na Rafaly alijibu kwa sauti inayozidi kushuka. Katika miezi ile minane walizaliwa watoto kumi na tisa. Wanne hawakuishi. Na binti wa mwashi, aliyekuwa na mimba ya kwanza, naye alikwenda na mtoto wake.

Neni Raviro alikata uzi aliokuwa akiusokota. Halafu akamgeukia mgeni na kumwuliza, kwa lugha ya Andro, bila kumngoja mkalimani, kwao anatoka wapi.

Bi Zamzam alijibu. Alijibu kwa Kibuki. Hakukusudia, neno lilitoka kama kohozi. Mkalimani alimtazama, na Rafaly akatazama ukuta.

"Nani alikufundisha?" aliuliza kikongwe.

"Mama yangu."

"Basi anayejua maneno haya yalikotoka ni wewe, si mimi," alisema Neni Raviro. "Mimi naokota tu kwenye vinywa vya watu. Waambie unachokijua, mwanangu. Uzi ninao wa kutosha."

Rafaly alimsindikiza mpaka karibu na nyumba ya wageni. Hapo alimshauri, kama mtu anayezungumza na mwavuli wake, kwamba fomu ni fomu. Kuna njia nyepesi, alisema. Shahidi anaweza kusema kwamba ushahidi hautoshi. Shauri litalala tena miaka ishirini, hakuna atakayeudhika, na mgeni atarudi kwao na cheti. Bi Zamzam aliuliza mkunga je. Rafaly alisema mkunga ni mtu mzima sana.

Usingizi haukumjia vizuri, lakini asubuhi alikuwa ameshaamua. Alisimama mbele ya majaji wawili na kuanza na lile lililomwia gumu zaidi: kwamba sahihi yake ilikuwa ya uwongo, kwamba mama yake aliliita jua jicho la mchana kila siku ya maisha yake, na kwamba yeye alimwonea haya mama huyo utotoni na kumkana tena juzi kwenye karatasi. Ukumbini palizuka mnong'ono. Wakalimani wawili waliinama, wakafasiri haya kwa lugha mbili, na kwa mara ya kwanza mnong'ono ukatokea pande zote kwa pamoja.

Kisha akaeleza aliyoyajua. Alisema kwamba mata na maso ni neno moja lililobadilika kinywani. Hari na andro, kinyume chake, si neno moja. Kila moja lina ukoo wake, ila yote yana maana ya mchana. Kwa hiyo nusu moja ya jina la jua ni ya kurithi, na nusu ya pili kila kisiwa kilijichagulia. "Lakini wazo halikubadilika," alisema. "Watu wamebadili nusu ya neno, wazo wakaliacha vile vile. Hao hawakuibiana. Walitoka nyumba moja." Akataja batu na vato, langit na lanitra, lima na dimi, na akawaomba radhi wakalimani, kwa kuwa alijua ni watu wenye familia.

Bwana Wirasena alisimama. "Nyumba hiyo iko wapi?"

"Haiko tena. Hakuna aliyeiandika. Twaijua kwa watoto wake."

"Yaani ni mama ambaye hakuna aliyemwona."

"Mama wa mababu zetu nao hatukuwaona," alisema Bi Zamzam, "na bado hatusemi kwamba mababu hawakuzaliwa."

Majaji waliomba muda. Walitoka, wakakaa chumba cha ndani kuanzia saa nne hadi saa nane, na mawakili wa pande zote mbili wakaitwa kuwafuata. Mara kwa mara kicheko kilisikika. Karani, aliyekuwa mzee wa kazi, alimnong'oneza Bi Zamzam kwamba katika miaka arobaini hajawahi kusikia Hari na Andro wakicheka chumba kimoja. Bi Zamzam aliliona hilo kuwa jambo la heri, na moyo ukamwinuka.

Waliporudi, jaji wa Andro alisoma na jaji wa Hari akashika karatasi. Mahakama ilimshukuru shahidi. Ilimwona kuwa mwongo kuhusu mama yake na mkweli kuhusu mama yao. Ilikubali, kwa pamoja na bila kupinga, kwamba Hari haikuiba kwa Andro wala Andro haikuiba kwa Hari. Ugomvi wa ndugu ulikuwa umekwisha. Lakini jicho la mchana ni mali ya Nusarua, hilo linajulikana. Basi ikiwa mama huyo wa kale alikuwa nalo kabla ya visiwa, swali ni alilitoa wapi, na jibu moja tu linawezekana: aliwaibia watoto wake kabla hawajazaliwa, na hilo ni kosa zito zaidi. Kuanzia siku hiyo shauri litaitwa Visiwa Viwili dhidi ya Mama.

Watu walipiga makofi. Wengine, wa Hari na wa Andro, walikumbatiana.

Kulibaki jambo dogo la utaratibu. Sheria ya Nusarua haihukumu kivuli; mshtakiwa lazima awe na kiwiliwili kizimbani. Kwa kuwa mama mwenyewe hakupatikana, ilihitajika mwanamke wa kumwakilisha, mwenye umri wa kufaa na ambaye hana shughuli. Jaji wa Hari alikumbuka kwamba yuko mmoja tayari chini ya ulinzi. Kosa la Neni Raviro lilifutwa rasmi saa nane na robo, na saa nane na nusu aliletwa, akiwa huru, kuwa mshtakiwa.

Bi Zamzam alisimama kupinga, akaambiwa shahidi ameshamaliza. Aliketi. Alihisi kwamba kwa mkono wake mwenyewe amemtoa mtu shimoni na kumtia kisimani.

Neni Raviro aliingia akishikwa mkono na askari, kwa sababu mwanga ulimwumiza. Alisomewa mashtaka. Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha upande. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliomba aeleweshwe vizuri: je, mbele ya sheria, kuanzia sasa, yeye ndiye mama wa maneno yao? Majaji walitazamana, wakathibitisha. Aliomba iandikwe. Ikaandikwa katika vitabu viwili.

"Basi mimi sikuiba," alisema. "Niliwapa wanangu. Wanangu wanasema hawakupewa. Sawa, sigombani na watoto. Nirudishieni vilivyo vyangu. Nirudishieni jicho. Nirudishieni mbingu na jiwe na moto na samaki. Nirudishieni moja na mbili na tatu mpaka tano. Nirudishieni kufa na kuishi. Mkisharudisha, nihukumuni kwa maneno yatakayobaki."

Karani, kwa kuwa ombi la mshtakiwa lililoandikwa lilikuwa na nguvu ya amri mpaka lijibiwe, alifungua daftari la maneno ya taifa na kuanza kupiga mistari. Alipiga mstari kwenye ukurasa wa kwanza, akageuza, akapiga wa pili. Jaji wa Andro alifungua kinywa ili aseme kwamba ombi limekataliwa. Karani alimwonyesha kwa kalamu kwamba neno la kukataa lenyewe lilikuwa la mama. Jaji wa Hari alitaka kuahirisha kikao hadi siku nyingine, na karani akatikisa kichwa kwa masikitiko, kwa kuwa siku ilikuwa imefutwa dakika mbili nyuma. Bwana Wirasena, aliyejulikana kwa ufasaha, alisimama, akainua kidole, akakaa. Wakalimani waliinama kwa adabu wakingoja. Askari walingoja amri, amri haikuja. Inasemekana kikao kile hakijafungwa mpaka leo, maana hajapatikana mwenye neno la kukifungia.

Neni Raviro alingoja kiasi cha adabu. Kisha akashika ukingo wa kizimba, akateremka, akaanza kupapasa njia kuelekea mlangoni. Bi Zamzam aliinuka akampa bega. Rafaly alikuwa amesimama pale mlangoni. Aliufungua wote wawili wapite, ingawa hapo kazi ya mtu hupotea.

Nje jua lilikuwa kali. Kikongwe aliufunika uso kwa kanga na kusimama mpaka kizunguzungu kilipopungua. Kwenye ngazi walimkuta kijana mwenye udongo mkavu mikononi, mfinyanzi wa Hari, ambaye mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri na ambaye alikuwa amekuja kuwabembeleza askari wamwachie mkunga, kama alivyofanya kwa siku tatu mfululizo. Neni Raviro alimwuliza chupa ya uzazi imekwisha kupasuka au bado. Ilikwisha. Akamwambia atangulie akachemshe maji.

Walipokuwa wakivuka, Bi Zamzam alishindwa kuvumilia, akamwuliza kwa Kibuki, taratibu, kwa aibu ya mtu anayevaa nguo aliyoiacha miaka mingi. Aliuliza kama kweli angewanyang'anya, kama wangekubali kurudisha.

Neni Raviro alicheka kidogo chini ya kanga.

"Mwanangu, kitu ambacho mtoto ameshakula, mama atakichukua wapi?"

Kutoka nyumba ya mfinyanzi walisikia sauti ya mwanamke akiita. Kikongwe akaharakisha hatua. Alisema macho yake siku ile hayatafaa kitu, kwa hiyo Bi Zamzam akunje mikono ya gauni, anawe mpaka kwenye viwiko, na amwambie kila anachokiona, kwa neno lolote litakalomjia kwanza.